Karani wa Mizani

Miaka thelathini na mmoja nimesoma mshale.
Behewa linapanda jukwaa, chuma kinaguna,
mshale unatetemeka kama mtu aliyekumbushwa deni,
kisha unatulia, nami naandika:
tani arobaini na mbili, nukta sita. Limeondoka.
Neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa nimestaafu. Mshahara wa miezi thelathini na sita
ungali njiani, sijui umepanda treni gani.
Nakaa uani kwangu, Kenya
(hii ya Lubumbashi, si ile yenye rais wake),
nachambua mahindi, nafikiri juu ya uzito.

Mwadi, aliyemzaa bibi wa mama yangu,
alipimwa bila mizani.
Kitambaa mikono minane,
kikombe cha baruti juu yake;
mnunuzi akamtazama meno, akakubali.
Usiku wa tatu akakata kamba kwa gae,
akatembea mpaka kwao,
akamkuta kaka yake mlangoni
amejifunga kitambaa kile kiunoni.

Tangu hapo kwetu hatufungui kwa hodi ya kwanza.
Hata mimi, mtu wa kalamu, nahesabu hodi.
Likelemba ya mtaa huu imevunjika mara nne:
kila mmoja anaogopa kuwa wa mwisho kupokea.
Watu wa semina huja na chati, hutuuliza kwa nini.
Tunawapa viti. Hatuwapi jibu.

Babu Kabwita, yeye alipimwa.
Kitabu chake cha kazi kimo sandukuni, kimeliwa na mende pembeni:
kilo hamsini na tatu siku alipoletwa,
hamsini na saba baada ya posho ya miezi sita,
unga, chumvi, samaki mkavu,
na kwa wino wa zambarau: *anafaa*.
Hakuna aliyepima shamba aliloliacha,
wala wanawake waliobaki wakivuta jembe na magugu.
Unga wenyewe ulitoka kusini, kwa reli.
Leo pia, nauliza bei sokoni, wananijibu:
ngoja malori yapite Kasumbalesa.
Udongo wetu haujasahau kuotesha.
Sisi ndio tuliofundishwa kwamba chakula hushushwa stesheni.

Na reli hiyo naijua kwa moyo,
kila daraja, hadi Sakania, hadi huko kwenye bahari za watu.
Ila kwa shangazi yangu, Mitwaba,
mvua ikinyesha, ni siku nne za matope.
Waliochora ramani hawakukosea hata kidogo.
Walitaka bomba, wakachora bomba.
Sisi ndio tulioingia ndani tukatundika mapazia,
tukaliita nyumba.

Juzi mwanangu Twite alirudi na fedha pungufu.
Gunia la kilo themanini, depo imesema sitini na moja.
Nikavaa koti langu la kazi, nikaenda naye.
Nilihitaji dakika moja tu: chini ya jukwaa,
kwenye kona ya kushoto, kijiwe kimebanwa.
Nikainua macho kwa mpimaji.
Ni mtoto wa Kapya, jirani yangu.
Kusoma mshale nilimfundisha mimi.

Kijiwe sikumfundisha. Hilo naapa.
Lakini miaka yote ile, behewa baada ya behewa,
sikuwahi kumwambia, wala kujiuliza:
limeondoka kwenda wapi, kwa bei gani, nani ameandika bei?
Nilipenda namba zangu zilivyokaa sawa.
Nilipenda koti.

Akanitazama. Akasema, "Mzee, bosi ndiye anayepanga."
Nikakichomoa kijiwe mbele yake, sikusema neno,
Twite akiona aibu kwa ajili yetu sote wawili.

Kiko hapa, kiganjani. Kidogo kama kokwa.
Nimekipima kwa mkono wa kulia, wa kushoto,
nimefumba macho kama tulivyofanya vijana tukishindana.
Sipati namba.

Giza limeingia, umeme umekatika tena.
Kuna mtu langoni.
Hodi.
Moja.